Siku ishirini na moja, vituo vitatu

Safari yangu ya kwanza Ulaya nilipita miji minane kwa siku kumi na mbili. Niliporudi Kisumu, dada yangu akaniuliza Ziwa Geneva linanukaje asubuhi. Sikuwa na jibu, nami nimekulia Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Tangu hapo nahesabu siku za kulala, si miji ya kupita.

Chagua vituo vitatu, basi. Mara ya pili nililala Vevey, kando ya Ziwa Geneva, Uswisi, siku tisa. Stresa, Italia, kando ya Ziwa Maggiore, siku sita. Kisha Alba, kwenye vilima vya mvinyo vya Italia, sita nyingine. Treni ya kwenda Stresa hupita chini ya milima ya Alps, kwenye handaki la Simplon lenye karibu kilomita 20.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua viza: moja ya Schengen hutosha nchi zote mbili, nawe huiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Vevey ilikuwa na siku nyingi kuliko mji wowote, lakini Italia kwa jumla ilikuwa na kumi na mbili, kwa hiyo niliomba viza ya Italia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Usingoje mwisho! Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Alama za vidole unatoa mwenyewe, Nairobi, kwa hiyo panga na nauli ya basi.

Nenda katikati ya Septemba, zabibu zikivunwa. Kutoka Saint-Saphorin hadi Lutry kuna njia ya miguu ya kilomita 11 hivi, katikati ya matuta ya mizabibu ya Lavaux, karibu na Vevey. Mimi niliigawa siku mbili. Wenyeji husema zabibu zao zina majua matatu: la angani, linalorudishwa na ziwa, na lililohifadhiwa na kuta za mawe. Jioni niliweka kiganja ukutani, jua limeshazama, jiwe bado lina joto kama sufuria iliyoepuliwa.

Kodisha nyumba yenye jiko, maana kula mikahawani Uswisi kunamaliza pesa. Nunua chakula Jumamosi. Jumapili maduka mengi hufungwa. Unga wa mahindi usibebe, Italia upo tele, wao hupika polenta, ugali wao.

Na katika kila kituo, nusu ya siku zako usizipangie kitu. Ni katika asubuhi moja kama hiyo nilipokaa gatini Vevey nikampigia dada yangu: hakuna harufu ya samaki kama kwetu, ni mawe yaliyolowa tu.