Kabla hujagusa gcc iliyoharibika

Kwenye Linux ya Ubuntu, amri za kurudisha gcc, yaani kompaila inayogeuza msimbo wa C kuwa programu, ni fupi. Wengi hapa Mtwara hukwama kwa sababu walianza bila maandalizi. Umeme kwanza: apt, kisakinishi cha programu, ikizimikiwa katikati ya kufungua vifurushi, ndipo gcc inapobaki nusunusu, na ukiitengeneza kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) unaweza kurudi palepale. Laptopu ijae chaji kabisa.

Bando nalo lisiwe la kubahatisha. Mei 2024, siku chache baada ya mafuriko kukata barabara Somanga, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Kwa hiyo shusha mafaili mapema. Kwenye Ubuntu 22.04, amri ya `apt-get download gcc-11 cpp-11 libc6-dev` inayaweka kwenye folda uliyomo bila kusakinisha chochote, nawe unayanakili kwenye flashi. Ukitegemea Wi-Fi, weka simu na waya wa USB karibu: draiva nyingine za Wi-Fi hujengwa upya na gcc kila keneli (kiini cha mfumo) inapobadilika, na kompaila ikiwa imekufa siku hiyo, Wi-Fi nayo inapotea.

Nafasi ya diski ni jambo la dakika moja: `df -h`. Tazama na `/boot`, sehemu inayohifadhi keneli; ikijaa, dpkg (chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha) italalamika hata gcc ikiwa nzima.

Sasa jua kilichoharibika. Hapa usiwe na haraka. `gcc --version` ikijibu vizuri lakini programu ya mistari mitatu ikagoma kwa kukosa `stdio.h`, gcc haina kosa, kinachokosekana ni libc6-dev, kifurushi chenye mafaili kama hilo. Ikilalamikia `cc1`, sehemu ya kompaila inayotafsiri msimbo wenyewe, angalia kifurushi cha cpp-11. `type -a gcc` ikionyesha gcc mbili, huenda ile ya `/usr/local/bin` iliwekwa kwa mkono na ndiyo inayokuchanganya.

Kubwa kuliko yote ni libc6, maktaba ya msingi ya C. Toleo la libc6-dev lazima lilingane na la libc6 herufi kwa herufi, na hazina ya programu ya kigeni ikishapandisha moja, nyingine inagoma. Linganisha kwa `apt-cache policy libc6 libc6-dev`. Usiiondoe libc6 hata ushauriwe na nani: karibu kila programu kwenye mfumo, `ls` ikiwemo, inaitegemea.

Halafu fanya mazoezi kwanza kwa `apt-get -s -f install`. Herufi hiyo `-s` haibadilishi kitu, inakuonyesha tu kitakachotokea. Soma mistari inayoanza na `Remv`, yaani vitakavyoondolewa. Ukiona libc6 humo, au mazingira yako yote ya dirisha, acha hapohapo. Ikiwa safi, nakili folda ya `/home` kwenye diski ya nje, kisha `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt-get -f install` bila ile `-s`.