Namna ya kuorodhesha jengo la zamani mjini Lubumbashi

Nchini Uingereza, wilaya ya vijijini kama Cotswold inasifiwa kwa makanisa yake na majumba ya matajiri wa zamani, lakini orodha rasmi ya majengo yanayolindwa nchini humo, iliyoanza kutayarishwa katika miaka ya 1940, imeingiza pia maghala ya nafaka, madaraja madogo na hata mawe ya kuonyesha umbali barabarani. Zaidi ya asilimia 90 ya majengo hayo yamo katika daraja la chini kati ya madaraja matatu. Kwa hiyo, anayetaka kuorodhesha majengo ya Lubumbashi asianzie kwenye kanisa kuu wala kwenye sinagogi iliyochorwa na Raymond Cloquet, bali kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli na wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi ya ukoloni, ambazo zikibomolewa hakuna atakayeziandika.

Kwanza omba ruhusa. Papa au mama mwenye parseli aelewe kwamba hukutumwa na watu wa kodi. Mweleze kazi yako mkiwa mmeketi barzani, wala usipige picha kabla hajakubali.

Kisha utazame ukuta, na hapo usifanye haraka. Matofali mengi ya hapa yalifinyangwa kwa udongo wa kichuguu, yakachomwa. Pima tofali moja urefu, upana na kimo, andika rangi yake, halafu uangalie jinsi yalivyopangwa: safu ya matofali yaliyolazwa kwa urefu ikifuatwa na safu inayoonyesha vichwa tu, kwa kawaida ukuta huo una unene wa tofali zima au zaidi. Mwenye nyumba akikuruhusu, kwaruza kidogo kiungo kati ya matofali kwa ncha ya ufunguo. Chokaa hukwanguka na kuacha unga mweupe, ilhali saruji hugoma. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa maana ukuta wa chokaa hutoa unyevu kupitia viungo vyake. Ukizibwa kwa saruji, maji hubaki ndani ya tofali na uso wake huanza kumenyuka. Chama cha kulinda majengo ya kale alichoanzisha msanii Mwingereza William Morris na wenzake mwaka 1877 kimepigania tangu hapo ukarabati wa upole badala ya kulifanya jengo lionekane jipya, nami naamini kuta zetu zinastahili uangalifu huohuo.

Kuhusu paa na madirisha, inatosha kutaja manjanja, miteremko, mbao au chuma.

Umri wa jengo uulize kwa wazee na katika karatasi za nyumba. Barua yenye anwani ya Élisabethville kwa kawaida iliandikwa kabla ya mwaka 1966, mji ulipobadilishwa jina. Tenganisha uliyoyaona na uliyosimuliwa.

Ukimaliza, mwachie mwenye nyumba nakala moja, na nyingine uipeleke kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa la Lubumbashi, kwa kuwa sheria ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu mali za utamaduni inairuhusu Serikali kuliweka jengo chini ya ulinzi, na ombi lisilo na maelezo kamili ni vigumu kusikilizwa.