Jirani Kafungua Genge Mbele Yako? Shindana Hivi

Genge la pili la nyanya na vitunguu likifunguliwa ng'ambo ya barabara, wateja ndio wa kwanza kufurahi. Wewe utapunguza uvivu, hilo halina ubishi. Ila usipojiwekea mipaka, ushindani utakula faida, kisha usingizi, mwisho mtanyimana hata salamu.

Piga hesabu zako kabla hujatazama za mwenzio. Tuseme tenga la nyanya umelichukua soko la Ilala kwa shilingi 30,000, bajaji 3,000, na ukishatoa zilizopondeka unapata mafungu 80. Ukiuza 500, zinaingia 40,000, yako 7,000. Jirani kashusha hadi 400? Ukimfuata unapata 32,000, yaani umeshinda juani kutwa nzima na elfu moja umeongezea mwenyewe. Bei ambayo hushuki chini yake iandike kwenye daftari, na usiiguse ukiwa na hasira. Pengine mafungu yake ni madogo, au nyanya zinamlainikia anazikimbiza.

Shindana kwa vitu visivyogusa mtaji. Futa nyanya kwa kitambaa kikavu. Ukizimwagia maji zing'ae asubuhi, zinawahi kuoza. Usipange kubwa juu na vidogo chini, maana mteja ataviona jikoni, na kesho atavuka barabara. Chenji iwepo mapema. Mimi nafunga mifuko ya mchanganyiko: nyanya tatu, kitunguu, karoti, kipande cha hoho na ndimu, kwa anayetoka kazini amechoka. Wazo hilo lisingenijia kama barabara nzima ingekuwa yangu.

Kukopesha msishindane kabisa. Mteja akikwambia, "Yule mbona kanikopesha?" mwambie hongera.

Halafu kuna kuviziana nani afunge kwanza, na hapa wengi wetu tunaumia. Taa yake inawaka, nawe unang'ang'ania hadi saa tano usiku, umeuza vitunguu viwili, watoto wamelala hujawauliza habari za shule, na saa kumi alfajiri unatakiwa sokoni. Mimi ikifika saa tatu nafunika turubai. Wa saa nne nimemwachia yeye, kwa roho safi (siku nyingine si safi sana, lakini nafunika).

Mkishazoeana, mwombe mchangie bajaji. Matenga mawili yanaenea, na nauli mnagawana. Akikataa, mwulize tena masika, nyanya za Iringa zikipanda bei.