Jinsi ya kusoma zile takwimu za "wananchi wana imani na serikali" bila kuingizwa mjini

Ile picha ikishatua kwenye grupu, nguzo za rangi, asilimia kadhaa wana imani na Bunge, nusu wanashangilia nusu wanatukana, na hakuna hata mmoja anaeuliza watu waliulizwaje. Anza hapo, namba iache kwanza.

Afrobarometer, hawa wanaofanya tafiti Afrika tangu 1999, wanampa mtu majibu manne: hana imani kabisa, kidogo tu, kiasi, sana. Afu anaechora picha anajumlisha "kiasi" na "sana" anasema hao ndo wenye imani. Aliyejibu "kiasi" anaweza kuwa kachoka nao ile mbaya ila hataki maneno, so itafute "sana" peke yake. Eurobarometer ya kule Ulaya majibu yake ni mawili tu, unaelekea kuamini au huelekei, kwa hiyo mtu akikuwekea Tanzania na Ujerumani kwenye grafu moja mpite tu.

Sasa rudi kwa Afrobarometer, nenda mwisho wa dodoso lao, yani ile orodha ya maswali. Kuna swali pale mi nalipenda kuliko yote: unadhani nani katutuma? Na watu wengi tu wanajibu serikali, japo mwanzoni waliambiwa kabisa kwamba sio. Yani mama kakaa barazani anachambua mchele, kaja mgeni na tableti, kichwani mwake huyu katumwa na wakubwa, afu anaulizwa unamwamini Rais kiasi gani, unategemea aseme nini? Data zao zipo bure mtandaoni, watenganishe waliosema "serikali" na wengine uone majibu yanavyosogea.

Halafu angalia ni ngazi gani ya uongozi inaulizwa. Mwenyekiti wa mtaa watu wanamjua sura, ndo anaegonga muhuri kwenye barua ya utambulisho na kama kaomba hela ya soda wanakumbuka, hapo jibu linatoka kwenye kitu kilichomkuta mtu. Jumuiya ya Afrika Mashariki iko Arusha, Umoja wa Afrika uko Addis Ababa, na wengi hawajawahi hata kupanga foleni huko, kwa hiyo kwa hizo soma kwanza kisanduku cha "sijui" ni kikubwa kiasi gani, maana ndo wanachokificha kwenye picha. Ulaya nako mara nyingi Umoja wao unaaminiwa kuliko serikali za nchi, na halmashauri zinawapita wote.

Mwisho idadi. Wakihoji watu 1200 kosa linalokubalika, yani namba ya kweli inavyoweza kupishana na yao, ni kama pointi 3 za asilimia juu au chini, 2400 ni 2. Kichwa cha habari "imani yapanda" kumbe ni pointi mbili, hamna kitu hapo. Na wakikukatia mkoa mmoja wenye watu mia hivi, hilo kosa linafika karibu 10.

Picha isiyo na tarehe, idadi wala maneno ya swali usiifowadi, hata kama imekufurahisha.