Taa ya Kaharabu Ikiwaka Angani: Nani Ameshika Ndege?

Wanafunzi wa chuo cha urubani Soroti, na ninyi mliokwisha kuvaa mistari mabegani hapa Entebbe, habari za kazi. Somo la leo ni hitilafu ndogo: mlio mmoja, taa ya rangi ya kaharabu (manjano iliyokolea), maneno mawili matatu kwenye skrini. Taa nyekundu ina somo lake, maana hiyo hutaka mkono papo hapo. Kaharabu hutaka ujue kuna jambo, kisha ulishughulikie kwa utaratibu.

Mimi naiogopa zaidi hii ya kaharabu. Nyekundu ikiwaka kila mtu hushtuka na kukaa sawa. Kaharabu huwavuta marubani wawili wakainamia kitu kimoja, ndege ikabaki yatima.

Hatua ya 1: Ndege ipate mwenyewe. Kabla hujagusa kitu, itamkwe kwa sauti nani anaendesha na nani anasoma. "Ndege ninayo mimi, redio ninayo mimi, wewe soma." Anayeendesha aachane na ile taa. Macho yake yawe kwenye mwinuko, mwendo na mwelekeo, hata kama otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, inafanya kazi.

Hapa nitakaa kidogo. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 401, ilikuwa ikikaribia Miami kutoka New York. Taa ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka haikuwaka. Wakapanda hadi futi 2,000, wakawasha otopailoti, wakaanza kuhangaikia balbu. Inaelekea usukani uliguswa bila kukusudia na otopailoti ikaacha kushikilia mwinuko. Ndege ikashuka polepole juu ya kinamasi chenye giza. Kengele ya mwinuko ililia, hakuna aliyeitikia. Walikufa watu 101 kati ya 176. Balbu ilikuwa imeungua tu.

Nami yalinikuta, ingawa Mungu alituhurumia. Nilikuwa rubani msaidizi, tunashuka kuja Entebbe kutoka Juba, taa ya pampu moja ya mafuta ikawaka. Mimi na kapteni wangu sote tukainama. Mwongoza ndege ndiye aliyetuuliza tuko mwinuko gani: tulikuwa tumepitiliza mwinuko tulioagizwa kwa futi 300. Swali lile bado nalisikia kila ninapofundisha hatua hii.

Hatua ya 2: Zima mlio, soma kilichoandikwa. Soma neno kwa neno, usisome unachokidhania. Mwenzako athibitishe.

Hatua ya 3: Fungua orodha ya hatua za kufuata hitilafu inapotokea, usiamini kumbukumbu. Hakikisha kichwa cha orodha kinafanana na maneno ya skrini, kwa kuwa orodha mbili zinaweza kutofautiana neno moja. Ukifika kwenye swichi yenye kifuniko, au kitu ambacho ukishakizima hakirudi, weka kidole, subiri. Mwenzako atazame, aseme "sawa", ndipo ubonyeze. Sekunde tano hizo zimewaokoa wengi wasizime injini iliyo nzima.

Hatua ya 4: Jiulize nini kimeondoka pamoja na kifaa kilichoharibika. Hapa ndipo ujuzi wa nchi yako unapohitajika. Hitilafu ikigusa breki au flapi (vibao vya mabawa vya kupunguzia mwendo wa kutua), barabara kuu ya kutulia ndege ya Entebbe yenye urefu wa mita 3,658 ni neema. Lakini kumbuka uwanja uko zaidi ya mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, ndege hugusa ardhi kwa kasi kubwa kuliko pwani, na breki hufanya kazi zaidi. Rada ya hali ya hewa ikikufia usiku, fikiria ngurumo za Ziwa Nyanza zinazojikusanya kabla ya alfajiri. Orodha ikikuagiza ushuke na wewe uko upande wa Mbale, tazama ramani kwanza: Elgon ina mita 4,321. Hesabu mafuta, kisha chagua kati ya kuendelea, kurudi, au kwenda Nairobi au Kigali.

Hatua ya 5: Sema. Waongoza ndege kwanza, wahudumu, abiria, kisha kampuni.

Hatua ya 6: Andika kwenye kitabu cha ufundi. Maneno ya skrini, saa, mwinuko. "Taa iliwaka" haimsaidii fundi.

Maswali yenu

*Mwanafunzi, Soroti: Mwalimu, breka (swichi inayokata umeme yenyewe) ikiruka, si niirudishe tu?*
Hapana, kijana wangu. Breka imeruka kwa sababu, na huenda sababu hiyo ni waya unaochemka. Angani hairudishwi isipokuwa orodha imeagiza, tena mara moja tu, si zaidi.

*Mhudumu wa ndege, Entebbe: Kapteni, huwa mnatuambia "kuna tatizo dogo" halafu kimya. Tuwaambie nini abiria?*
Dada, lawama hiyo ni ya haki. Dai kwetu mambo manne: tatizo ni nini, tunafanya nini, tuna dakika ngapi, na kuna agizo gani maalumu. Uyarudie kwetu tusikie umeyapata sawa. Ukinusa moshi au kusikia mlio mgeni, piga simu ya ndani hata kama hujaulizwa. Sisi hatuoni huko nyuma.

*Rubani msaidizi: Nikiomba msaada redioni, nitangaze PAN PAN au MAYDAY?*
Kukiwa na haraka lakini maisha hayako hatarini sasa hivi, PAN PAN mara tatu. Kukiwa na hatari kubwa ya sasa, MAYDAY mara tatu. Ukisitasita, tangaza mapema. Kuifuta baadaye ni rahisi.

*Mzazi, Kampala: Mwanangu alisafiri na ndege iliyoandikwa hitilafu jana yake. Ni halali?*
Mama, inaweza kuwa halali. Kila ndege ya abiria ina orodha iliyoidhinishwa na mamlaka, inayotaja kifaa kipi kinaweza kungoja na kwa masharti gani. Vingine hupewa siku 3, vingine 10, vingine 120. Kisichoruhusiwa humo kikiharibika, ndege hairuki. Na kapteni akiona masharti hayatoshi kwa hali ya hewa ya siku hiyo, ana haki ya kuikataa ndege. Mimi nimewahi kuikataa, abiria wakanikasirikia, tukaondoka saa nne baadaye.