Kuchagua vifaranga wa sato kwa bwawa la Arusha au Moshi

Wafugaji wengi wa Arusha na Moshi huchimba bwawa kwanza, ndipo huuliza vifaranga watapatikana wapi, ilhali utaratibu huo ulipaswa kuwa kinyume chake. Kwa maoni yangu, uhaba wa vituo vya kuaminika vya kuzalisha vifaranga unauchelewesha ufugaji wa samaki kuliko uhaba wa maji au wa walaji.

Tembelea kituo kabla ya kulipa chochote, na uombe kuonyeshwa samaki wazazi. Jike wa sato huatamia mayai mdomoni na huzaa mara kadhaa kwa mwaka, hivyo ni rahisi mtu kuvua wadogo waliojizalia bwawani na kuwauza kama mbegu bora. Ukoo mmoja ukizaliana wenyewe kwa wenyewe kwa miaka, watoto hudumaa hata wakilishwa vizuri. Uliza wazazi walitoka wapi, hubadilishwa kila baada ya muda gani, na iwapo majike hupumzishwa. Kwa kawaida dume mmoja huwekwa na majike wawili au watatu.

Jinsia ndilo swali zito zaidi. Madume na majike wa sato wakifugwa pamoja huanza kuzaana kabla hawajafikia uzito wa kuuzwa, chakula kikagawanywa kwa watoto wasiohesabika, na mfugaji akavuna samaki wadogo wasio na soko. Kwa sababu hiyo vituo huzalisha madume kwa kuwalisha vifaranga, tangu wanapoanza kula, chakula chenye homoni ya kiume kwa siku 21 hadi 28. Muda huo ukishapita, jinsia haigeuki tena. Kwa hiyo muuzaji anayeahidi kuwageuza vifaranga wa miezi miwili asiaminiwe.

Agiza mapema. Sato hustawi katika maji ya nyuzijoto 26 hadi 30, na yakishuka chini ya 20 uzazi husimama. Arusha mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, maji hupoa sana kati ya Juni na Agosti, wakati Moshi, iliyo chini zaidi, huwa na nafuu. Ni busara kupandikiza baridi inapokwisha.

Siku moja kabla ya safari vifaranga wasilishwe, kisha wasafirishwe alfajiri katika mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni juu ya maji. Mkifika, acheni mifuko ielee bwawani kwa dakika 15 hadi 30, mwongeze maji ya bwawa kidogo kidogo, ndipo vifaranga watoke wenyewe.

Jambo moja hupuuzwa mno. Sato si mwenyeji wa bonde la mto Pangani, ambamo Arusha na Moshi zimo. Hata Ziwa Victoria alipandikizwa katika miaka ya 1950. Bonde letu lina perege wake wa asili, jamaa wa karibu wa sato, wakiwemo wa Ziwa Jipe, na sato akiingia mtoni huwanyang'anya makazi na kuzaa nao machotara. Funga wavu wenye matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji kabla kifaranga wa kwanza hajaingia bwawani, na uukague kila baada ya mvua kubwa.