Kuunganisha kozi za kujisomea na kozi za ushirikiano katika mafunzo ya walimu mtandaoni

Kabla ya kufungua mfumo wa kozi, andika kwenye karatasi kila jambo ambalo mwalimu anatakiwa kulijua au kuliweza mwishoni mwa mafunzo, kisha ujiulize kuhusu kila moja: je, mshiriki anaweza kuhakiki jibu lake akiwa peke yake? Sehemu za andalio la somo, aina za tathmini na matumizi ya programu fulani zinahakikika kwa jaribio fupi, kwa hiyo zipeleke kwenye kujisomea. Lakini namna ya kusahihisha insha kwa haki, au ya kufundisha darasa lenye wanafunzi wa viwango tofauti, inahitaji macho ya wenzake. Mwongozo wa UNESCO wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, toleo la 2018, una ngazi tatu, yaani kupata maarifa, kuyaimarisha na kuyaunda. Kwa maoni yangu, ngazi ya kwanza hubebeka vizuri na kujisomea, ilhali ya tatu haifikiki bila kundi.

Kazi ngumu ni kiungo kati ya sehemu hizo mbili, yaani kujisomea na kazi ya kundi. Kozi nyingi huziweka jirani tu, na mshiriki aliyemaliza moduli, yaani kipande kimoja cha kujisomea, huingia kwenye jukwaa la majadiliano akiwa hana cha kuchangia zaidi ya kuandika kwamba anakubaliana na aliyetangulia. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba kila moduli inamwachia mshiriki kitu cha kupeleka kundini, kitu ambacho hakuna mwingine anacho.

Chukua mada ya kuuliza maswali darasani. Katika moduli ya dakika kama 40, mshiriki anasoma kwamba Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aligundua kuwa walimu kwa kawaida husubiri takriban sekunde 1 tu baada ya kuuliza swali, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye hoja. Anajibu jaribio, kisha anarekodi dakika kumi za somo lake mwenyewe na kuhesabu sekunde baada ya kila swali. (Sauti inatosha; hata hivyo, pata kwanza idhini ya shule na ya wazazi, na rekodi yenyewe isipakiwe.) Kinachopelekwa kundini ni jedwali la hesabu hizo pamoja na swali moja lililokosa jibu. Hapo mazungumzo huanza yenyewe, kwa sababu moduli iliweza kumweleza kwamba ana haraka, lakini ni mwalimu mwenzake anayeweza kumuuliza alikuwa akiogopa nini katika ule ukimya.

Makundi yawe ya watu wanne au watano, na yasibadilishwe katikati ya kozi, kwa kuwa mtu haonyeshi somo lililomharibikia mbele ya wageni. Mwezeshaji asiwe wa kwanza kujibu. Akitangulia, wengine hunyamaza.

Mgongano mkubwa zaidi ni wa ratiba, maana kujisomea humruhusu kila mtu aende kwa mwendo wake, wakati kundi linadai wote wafike pamoja. Acha moduli wazi kwa wiki nzima, lakini ifungwe siku mbili kabla ya majadiliano. Mifumo ya kuendeshea kozi mtandaoni kama Moodle inaweza kuzuia jukwaa lisifunguke mpaka mshiriki awasilishe kazi yake. Tumia kizuizi hicho kwa kiasi, kwani mwalimu aliyechelewa kwa sababu ya mitihani bado anafaa kuwasikiliza wenzake. Anayemaliza mapema mpe usomaji wa ziada katika mada ileile, wala usimfungulie moduli inayofuata.

Katika kutoa alama, usihesabu idadi ya michango jukwaani. Omba andalio la somo lililoandikwa kabla ya majadiliano na lililorekebishwa baadaye, pamoja na aya moja inayoeleza ni ushauri gani wa wenzake mshiriki aliukubali, ni upi aliukataa, na kwa nini.